Riwaya ya Victor Hugo ya mtu anayesubiri kukatwa kichwa: mbona aliyeuawa hatuambiwi ni nani?

#1 Mwana_Ukerewe

Wakuu salaam.

Nimemaliza kitabu cha Victor Hugo, Le Dernier Jour d'un condamné, yaani siku ya mwisho ya mtu aliyehukumiwa kifo. Nimesoma tafsiri ya Kiingereza. Ni chembamba, ukianza baada ya chakula cha mchana magharibi umemaliza. Kilitoka 1829, Hugo mwenyewe ana miaka 26. Jamaa kahukumiwa kifo Paris, yuko gereza la Bicêtre, anaandika kwa mkono wake wiki sita za kungoja mpaka saa ya kupelekwa uwanja wa Grève kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa.

Kitabu kimenikamata, sibishi. Kuna mahali askari jela anaingia asubuhi, anavua kofia, anaomba radhi kwa kumsumbua, anamuuliza angependa kifungua kinywa gani. Jamaa anatetemeka palepale. Adabu hii ya ghafla maana yake ni leo! Ilibidi niweke kitabu chini nitoke nje kwanza.

Sasa linalonikera. Mwanzo hadi mwisho HATUAMBIWI alifanya nini. Jina hana, kesi yake hatuijui. Sura ya 47 ina kichwa "Historia yangu", unasema haya, sasa ndiyo yenyewe, unakuta maelezo ya mchapishaji kwamba karatasi hizo hazikupatikana. Kama aliua, marehemu ni nani? Ana mama? Ana watoto? Naona Hugo katupiga changa la macho. Anataka tumlilie muuaji huku marehemu kafungiwa nje ya mlango. Ukitaka kupinga adhabu ya kifo, mtaje marehemu kwanza halafu upinge mbele ya ndugu zake.

Wajuzi njooni. Hoja kwa hoja, matusi pembeni.

#2 kahawa_tungu

Siti ya mbele. Nyuzi za vitabu humu huwa hazivuki ukurasa wa kwanza, ngoja tuone.

#3 Wakili_Njaa

Mleta mada, unataka kosa kwa sababu umezoea kwamba mahakama inapima kosa ndipo inatoa adhabu. Kwa mauaji ya kukusudia hapa kwetu hakipimwi kitu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu tulichosomea sisi kinasema adhabu ni kifo, basi. Aliyepanga mauaji kwa mwezi mzima na yule kijana aliyeambiwa na wakubwa asimame tu mlangoni aangalie kama mtu anakuja, wakitiwa hatiani wote wanasomewa sentensi ile ile. Wakili unasimama kuomba nafuu, unasema mteja wangu ana umri mdogo, ana mama mgonjwa, jaji anakusikiliza kwa heshima zote kisha anasema sheria haijampa chaguo.

Kwa hiyo jaji wetu siku ya adhabu ni msomaji wa Hugo kabisa. Habari za huyo mtu hazina pa kuingilia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ililisema hilo Novemba 2019 kwenye shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba kumnyang'anya jaji uamuzi wake ni kuvunja haki ya kuishi.

Hugo kaiondoa kesi ili tubaki na adhabu peke yake tuiangalie. Mimi sioni wizi.

#4 Otieno_Kondele

Wakili, huku kwetu hayo tulimaliza zamani. Kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu, Desemba 2017. Adhabu ya kifo Kenya kwisha.

#5 Mzee_wa_Gati

Otieno punguza kasi. Haijaisha. Walichofuta ni ULAZIMA wake, jaji sasa anasikiliza utetezi kabla ya kuamua, lakini kifo kimebaki kwenye vitabu vya sheria. Tena Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikarudi kufafanua kwamba uamuzi ule ni wa kesi za mauaji tu, maana wafungwa wa wizi wa mabavu walikuwa wamejaa mahakamani wakiomba wahukumiwe upya. Ambacho hakijatokea tangu 1987 ni kunyongwa kwenyewe. Wa mwisho walikuwa akina Ochuka wa jaribio la mapinduzi la 1982, gereza la Kamiti.

#6 Otieno_Kondele

Sawa mzee. Wewe ulikuwa karani huko ama?

#7 Mzee_wa_Gati

Mimi ni msomaji wa magazeti tu.

#8 Fundi_Saa

Turudi kitabuni. Mleta mada umesoma mbio. Kosa limo.

Kuna usiku jamaa anachukua taa anamulika ukuta wa seli yake, anakuta walioandika kabla yake. Jina mojawapo ni Bories, mmoja wa wale masajini wanne wa La Rochelle waliokatwa vichwa 1822 kwa njama za kisiasa. Anamwonea huruma kijana wa watu aliyekufa kwa sababu ya wazo tu, halafu anajigeukia: na mimi ninayelalamika, mimi niliyetenda uhalifu wa kweli, niliyemwaga damu! Anasema kwa mdomo wake. Wala hadai kaonewa.

Na marehemu unaowatafuta nao wako ukutani hapohapo. Anasoma majina ya waliolala seli ile na anakumbuka kila mmoja kafanya nini. Dautun alimkatakata ndugu yake. Poulain alimuua mkewe. Jean Martin alimpiga baba yake risasi mzee akifungua dirisha. Castaing alikuwa daktari, akamtilia rafiki yake sumu, akajifanya anamtibu huku anamwongezea ile ile. Papavoine aliua watoto. Wote hao walikuwa watu wa kweli, Paris nzima iliwajua. Msomaji wa 1829 akifika hapo hahitaji kuambiwa wauaji ni watu wa namna gani.

#9 Mwana_Ukerewe

Fundi, asante, ila umenipa silaha. Marehemu wa wenzake anawajua mpaka namna mzee alivyofungua dirisha! Wa kwake anaruka. Sasa hiyo si ndiyo hoja yangu?

#10 Fundi_Saa

Wewe ungekuwa na saa chache za kuishi ungeandika unachotaka kukumbuka au usichotaka? Sura ya 47 haipo kwa sababu mwenyewe hakuweza kuiandika. Mimi ndivyo ninavyosoma.

#11 kahawa_tungu

Au Hugo alichelewa kupeleka kazi kwa mchapishaji akasema karatasi zimepotea. Tumewahi kufanya hivyo chuoni wote humu, tusijifanye.

#12 Binti_Kalenga

Naomba niseme la kwangu.

Baba yangu mdogo aliuawa kwa mapanga kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Muuaji alikuwa jirani, tumekula naye misiba na harusi. Kesi ilikaa miaka. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa shahidi, aliitwa siku moja, akaulizwa jua lilikuwa limezama au bado, akaulizwa alisimama umbali gani, akaambiwa unaweza kushuka. Hakuna aliyemuuliza tena kitu chochote mpaka leo. Hukumu ilipotoka tulisimuliwa na mtu aliyekuwa mjini kwa mambo yake.

Nimesoma hiki kitabu kwa ajili ya uzi huu. Sura ya 43 wanamletea mtoto wake, Marie, ana miaka mitatu. Hamjui. Anamwita "bwana". Anamwambia baba yake amekufa. Halafu jamaa anamuuliza kama anajua kusoma, mtoto anakunjua karatasi aliyoshika anaanza kusoma herufi kwa herufi, kumbe ndiyo hukumu ya kifo ya baba yake, ile ya kuuzwa barabarani kwa senti. Nililia, nitasema ukweli. Nilipomaliza kulia nilikasirika. Baba mdogo naye aliacha mtoto. Yule mtoto hana sura yake kwenye kitabu chochote.

Kwa hiyo niko na Mwana_Ukerewe. Na hapohapo sitaki yule jirani anyongwe. Msiniulize kwa nini, sijapata jibu.

#13 Mwana_Ukerewe

Pole sana dada.

#14 Mzee_wa_Gati

Pole binti. Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema.

#15 Bi_Mwanakombo

Assalaam aleikum wanangu. Pole Binti Kalenga.

Nimesoma maneno yenu tangu juu, naona mnambebesha Hugo mzigo wa serikali. Huyo shangazi aliyeambiwa ashuke kizimbani, ni nani aliyemtoa kwenye kesi? Si mwandishi. Katika sheria ya Kiislamu mwenye damu ni familia ya marehemu. Wao ndio wenye kudai kisasi, wao ndio wenye kuchukua diya, yaani fidia ya damu, wao ndio wenye kusamehe. Aya ya kisasi ndani ya Surat al-Baqara inamwita mwenye damu "ndugu" wa muuaji, palepale penye kuzungumza kusamehe. Yaani wanakaa uso kwa uso.

Kwa Wafaransa wa Hugo, na kwa sheria tulizoachiwa na Mwingereza, serikali imesimama badala ya marehemu. Kwetu kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Familia haina neno kwenye adhabu. Hugo kaandika alivyoona. Chumba cha jela hakina jamaa wa marehemu kwa sababu hakuna aliyewaalika. Angewatia, angesema uongo.

#16 Wakili_Njaa

Bi Mkubwa hapo umegonga penyewe. Nina la kuongeza ila naingia mahakamani, nitarudi.

#17 Mwana_Ukerewe

Bi Mwanakombo, hoja nzito. Lakini mwandishi si karani wa serikali. Kama serikali imewasahau, yeye ndiye angewakumbuka. Kakumbuka hadi ua!

(Kwa wasiosoma: asubuhi ya hukumu, mwezi Agosti, jua zuri, jamaa yuko kizimbani anakodolea macho kimmea cha njano kilichoota kwenye ufa wa jiwe la dirisha. Hapo kichwa chake ndicho kinachoamuliwa. Akitolewa nje wasichana wawili wanamfuata kwa macho ya uchu, mmoja anapiga makofi: vizuri, itakuwa baada ya wiki sita!)

#18 Mutu_wa_Bukavu

Jambo kwenu wote. Mimi hiki kitabu nilisoma ku école, kwetu professeur wa Kifaransa alikuwa anatulazimisha. Nasikia munabishana kitu Hugo mwenyewe alishajibu mara mbili.

Ya kwanza: 1829 kitabu kilipotoka watu walilalamika kama mleta mada hapa. Hugo akaandika kamchezo kadogo ka kuigiza, akakaweka mbele ya kitabu, watu wakubwa wamekaa saluni wanasengenya kitabu chake. Mumoja wao anasema huyu mtu hatumujui, hatujui alifanya nini, mwandishi hana haki ya kunitaka nijali mutu nisiyemujua. Mwana_Ukerewe, uko ndani ya kitabu! Ulichekwa karibu miaka mia mbili kabla ya kuandika uzi.

Ya pili: mwezi wa tatu 1832 akaweka dibaji ndefu. Anasema wazi kabisa kwamba alikuwa anatetea washtakiwa wote, wa leo na wa kesho, wenye hatia na wasio na hatia, njo maana aliondoa jina na kisa na kila kitu cha mutu mumoja. Kama angeweka kisa, mungesema: aa, huyu alistahili, au huyu hakustahili. Mungebishana juu ya huyu mumoja na kuacha gilotini inafanya kazi yake.

#19 kahawa_tungu

😂😂😂 Mleta mada kachekwa na Hugo kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Nimecheka mpaka mama mwenye nyumba kagonga ukuta.

#20 Mwana_Ukerewe

Cheka tu. Kumcheka mtu si kumjibu. Na hiyo dibaji ya 1832 imekuja miaka mitatu baadaye. Kila mtu akishapigwa maswali anatengeneza sababu nzuri. 1829 alisema nini? Alituachia uchaguzi: labda ni karatasi zilizookotwa, labda ni mawazo ya mtu, shauri yako msomaji. Ndiyo nisemayo, alikuwa anakwepa.

#21 Mutu_wa_Bukavu

Alikuwa na umri wa miaka 26, mufalme Charles X yuko kwa kiti. Hata wewe ungekwepa. Chapa ya kwanza ilitoka hata bila jina lake.

#22 Fundi_Saa

Nakazia hapo kwa Mutu wa Bukavu. Kanuni ya adhabu ya Napoleon ya 1810 ilikuwa inaua kwa mengi, hata mwenye kutengeneza sarafu bandia. Mageuzi ya Aprili 1832 ndiyo yaliyopunguza orodha na kuruhusu wazee wa baraza wao wa mahakama kusema kuna sababu za kupunguza adhabu. Kwa hiyo 1829 kuuliza "kafanya nini" hakukuwa na jibu moja la wazi kama leo. Kabla hujafika pale anapotaja damu, angeweza kuwa chochote. Hii ni sababu ya tatu sasa, au ya nne, nimepoteza hesabu.

#23 Nyuki_Mkali

Mimi sijasoma kitabu ila nauliza. Huyu jamaa anaandika mpaka dakika ya mwisho, kalamu na wino alipata wapi? Mkononi kafungwa kamba, yuko kwenye mkokoteni, halafu anaandika? Chai hii.

#24 Fundi_Saa

Swali lako aliliuliza Dostoevsky, mwandishi wa Kirusi, 1876. Akajibu kwamba ndiyo, haiwezekani mtu kuandika hadi dakika ya mwisho, lakini bila huo uongo mdogo kisingekuwepo kitabu chenye ukweli kuliko vyote alivyoandika Hugo. Na Dostoevsky hakuwa anakisia. Tarehe 22 Desemba 1849 alisimamishwa uwanjani Petersburg na wenzake wasomewe hukumu ya kupigwa risasi. Watatu wa kwanza walishafungwa kwenye miti, yeye anafuatia, ndipo mjumbe akaja na msamaha wa mfalme. Yote ilikuwa imepangwa. Jioni hiyo akamwandikia kaka yake barua, na ndani akatia maneno kutoka kitabu hikihiki, yale ya kwamba mtu akiwa hai bado analiona jua.

#25 Nyuki_Mkali

Daah. Basi chai nimeinywa.

#26 Mutu_wa_Bukavu

Na pale pa jua njo pananifanya nikatae watu wanaosema kifungo cha maisha ni kibaya kuliko kifo. Mwanzoni wakili anamwambia labda watampa kazi ngumu maisha yake yote. Anajibu kwa kiburi: bora kufa mara mia! Kisha siku moja anachungulia dirishani anaona wafungwa wanaopelekwa kazi ngumu Toulon wanafungwa minyororo uwanjani, mvua inawapiga, wako uchi nusu, nyundo zinagonga vyuma vya shingo. Anaogopa mpaka anazimia. Lakini mwisho, kifo kiko mulangoni, anaomba nini? Anaomba ile ile minyororo. Miaka mitano, ishirini, maisha, wanichome na chuma cha moto, lakini niishi. Mufungwa anatembea, anaenda na kurudi, anaona jua.

Kwetu Congo tangu 2003 hawakuua mutu kwa hukumu. Mwezi wa tatu 2024 waziri wa sheria akatoa barua, kizuizi kimeondoka, sababu ni vita ya huku Mashariki na wasaliti. Watu wengi hapa Bukavu walipiga makofi. Mimi nina bamdogo askari. Sikupiga.

#27 Afande_Mstaafu

Nimekuwa nasoma kimya. Nilitumikia magereza, pamoja na upande wa wale wenye adhabu ya kifo. Gereza sitaji.

Vijana mnasema Tanzania hakunyongwi, kwa hiyo wale ni kama wafungwa wengine. Aliyekaa nao hasemi hivyo. Sauti wanazozijua ni chache: funguo za zamu ya asubuhi, ndoo, mlango wa jikoni. Ikija hatua ya mtu asiyejulikana, labda mgeni kutoka makao makuu mwenye viatu vipya, ukumbi mzima unanyamaza mpaka apite. Miaka na miaka, na bado wananyamaza. Mtu mmoja alikuwa anafundisha wenzake Kiingereza, ana madaftari yamepangwa vizuri, kila nikimsifia ananiambia afande, haya ni ya kupitisha muda wa nani?

Hicho kipande cha askari jela kuvua kofia ni kweli tupu. Sisi tulikatazwa kubadilika. Ukiwa mkali kuwa mkali kila siku, ukiwa mpole kuwa mpole kila siku. Siku ukibadilika wanajiuliza umesikia nini.

#28 Nyuki_Mkali

Afande, si tangu enzi za Nyerere hakujanyongwa mtu?

#29 Afande_Mstaafu

Hapana. Mwisho ni 1994, Mzee Mwinyi yuko madarakani. Waliofuata hawakusaini. Magufuli alisema hadharani Septemba 2017, wakati anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba hiyo orodha msiniletee, najua ugumu wake. Desemba mwaka huohuo akatoa msamaha kwa wafungwa, wakiwemo wenye adhabu ya kifo.

#30 Wakili_Njaa

Nimerudi. 1994 hiyohiyo Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. 1995 Mahakama ya Rufani ikasema jambo la ajabu kidogo: ni kweli adhabu hii ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, LAKINI Ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma. Yaani wamekubali hoja ya Hugo yote kisha wakamshinda.

Na Afande, huko kungoja miaka na miaka ndiko kulikotajwa kwenye ripoti ya Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande, 2023, kwa lugha ya kiofisi: kama hukumu haijatekelezwa ndani ya miaka mitatu ibadilike iwe kifungo cha maisha.

#31 Binti_Kalenga

Afande, samahani nikuulize. Hao wafungwa walikuwa wanawataja waliowaua?

#32 Afande_Mstaafu

Wengine kila usiku. Wengine hawakuwahi. Niliwajua pia wawili ambao mpaka leo siamini waliua. Zaidi ya hapo sitasema.

#33 Nyuki_Mkali

Mimi bado ni jicho kwa jicho. Hao wa ukutani, aliyempa rafiki yake sumu huku anajifanya daktari wake, huyo namhurumia nini? Afande na Hugo wanisamehe.

#34 Bi_Mwanakombo

Hujakatazwa mwanangu. Ila ujue kisu nacho hukosea. Katika dibaji hiyo ya Mutu wa Bukavu kuna kisa cha kusini mwa Ufaransa, gilotini iligoma, ikapanda na kushuka mara tano na mtu bado yu hai anapiga kelele za kuomba rehema. Watu waliokuja kutazama wakaanza kumpiga mawe mnyongaji. Hao hao waliokuja kwa jicho kwa jicho.

#35 Fundi_Saa

Shehe wangu hapo Bi Mkubwa. Na kila mnapomsikia Hugo kwenye dibaji akidhani mambo yanakaribia kuisha, mjue gilotini ya Ufaransa iliendelea mpaka Septemba 1977, Marseille, Mtunisia mmoja kwa jina Hamida Djandoubi. Sheria ya kuifuta, ya waziri wa sheria Badinter, ni Oktoba 1981. Hugo alishasimama bungeni 1848 akitaka ifutwe moja kwa moja. Hesabuni wenyewe.

#36 kahawa_tungu

Sasa wakuu, mmeruka kipande bora kuliko vyote na mimi nimesoma kitabu usiku kucha ili nikitaje. Yule askari wa zamu siku ya mwisho! Anamwomba jamaa: wewe leo unakufa, wafu wanajua namba za bahati nasibu kabla hazijatoka, sasa usiku njoo uniambie namba tatu, mimi siogopi mizimu, anwani yangu ni hii. Anatoa hadi namba ya chumba! 😂 Jamaa anajaribu kumwambia tubadilishane nguo ili atoroke, askari anakaribia kukubali, halafu anashtuka: aah, hapana, ili namba ziwe za kweli lazima uwe umekufa.

Huyu angekuwa bongo angekuwa anauza mikeka Telegramu.

#37 Otieno_Kondele

😂😂 Mimi nilipenda ule wa tumbako. Wako kwenye gari la farasi wanampeleka Paris akafe, gari linaruka, tumbako ya yule ofisa wa mahakama inamwagika yote. Analia kwamba yeye ni mtu wa bahati mbaya. Jamaa anamwambia mimi napoteza zaidi yako. Ofisa anashangaa: zaidi yangu? Bila tumbako mpaka Paris!

#38 Mwana_Ukerewe

Hapo ndipo Hugo ananishinda, nasema bila kificho. Hakuna mtu mbaya kwenye hicho kitabu. Ofisa wa tumbako, askari wa bahati nasibu, yule fundi ramani anayepima seli na kumwambia kwamba ndani ya miezi sita gereza litakuwa zuri sana, padri anayesema maneno aliyoyakariri. Wote wako kazini tu.

Lakini swali la Binti Kalenga hamjalijibu. Mtoto wa baba yake mdogo sura yake iko wapi?

#39 Bi_Mwanakombo

Iko kwa Binti Kalenga. Amwandike.

#40 Binti_Kalenga

Bi Mkubwa, mimi ni mwalimu wa hesabu.

#41 Wakili_Njaa

Ukiandika nitakusaidia mambo ya mahakama bure. Jukwaa zima ni shahidi, sijawahi kutamka neno "bure" tangu nianze kazi.

#42 Nyuki_Mkali

Wakuu pdf yake mnaipata wapi? Kwa Kiswahili ipo?

#43 Mutu_wa_Bukavu

Kifaransa iko bure kwa intaneti, Hugo alikufa 1885, hakuna wa kudai pesa. Kiswahili sijaona. Kama watu watatu wanne wanataka tugawane sura, mimi naweza kuanza na ile ya Bories. Mwana_Ukerewe apewe sura ya 47.

#44 kahawa_tungu

Hiyo ya 47 naichukua mimi, nitaimaliza leoleo.